Nilimpigia Magoti Mama wa Watoto Tisa

Ontario, Kanada

Mama yangu mpendwa,

Kasinge waitu, shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye meza ya jikoni ya Bibi Doroti, yule bibi ninayemtunza. Yeye amelala usingizi wake wa mchana, na mimi nimezima redio yake ili nikuwaze vizuri. Habari za hapo Nshamba? Goti la kushoto linasemaje tangu mvua zianze? Na kile kikohozi ulichoniambia ni cha vumbi, Deusi anasema vumbi halijaonekana hapo mwezi mzima, kwa hiyo nenda zahanati na usinizungushe. Mimi ni mzima. Nimenenepa, mashavu yamerudi kama ya darasa la saba, ungeniona ungefurahi halafu ungeanza kunitania.

Najua utashangaa kupata barua. Deusi atasema dada ana simu ya kupangusa lakini anaandika barua kama watu wa zamani. Lakini Mama, kwenye simu sisi wawili tunaishia kwenye salamu. Nikikaribia jambo lenyewe, mara chaji inakwisha, mara unampa simu Grolia anisimulie mambo ya shule. Karatasi haina chaji. Nimempa barua hii dada mmoja wa Muleba anayekuja likizo, nikamwambia aiweke mkononi mwako wewe mwenyewe. Nimeandika kwa herufi kubwa ili uisome kwa miwani yako. Usimpe Grolia akusomee. Utaona kwa nini.

Nianze na safari, maana nayo ilikuwa na vituko vyake. Mume wa Bibi Doroti, ambaye ni marehemu, aliacha gari ambalo ni nyumba. Sikutanii. Kwa nje ni refu kama lori la kubebea ndizi, ndani kuna vitanda viwili, jiko la gesi, friji, na choo. Choo chenyewe kiko hatua mbili kutoka jikoni. Nilijua wewe humo usingekula hata kwa kubembelezwa na padri. Wazee wa huku wakistaafu huzunguka nchi yao kwa gari kama hilo, wanalala pale panaporuhusiwa, asubuhi wanachemsha kahawa na kuendelea. Piter, mtoto wa Bibi, anataka kuliuza. Bibi akasema haliuzwi kabla hajasafiri nalo mara moja ya mwisho, na akasema anajua pa kwenda.

Alikuwa na blanketi la viraka alilorithi kwa mama yake. Lilikuwa limechanika katikati, na mafundi wote wa mjini walitaka kulipitisha kwenye cherehani. Yeye cherehani hataki. Alikuwa amesikia kwamba mashambani, mwendo wa saa kadhaa kutoka kwetu, wako Wamenoniti ambao wanawake wao bado wanashona kwa mkono. Jina hilo umelisikia, lile kanisa lililoko upande wa Musoma, lakini hawa ni wa namna nyingine, wanaishi kama babu zao walivyoishi. Basi Piter akashika usukani, Bibi akakaa mbele na blanketi mapajani, mimi nyuma na masufuria.

Kona ya kwanza tu nikaaibika. Kumbe humo kila mlango wa kabati hufungwa kwa kitasa kabla gari halijaondoka, na mimi nilikuwa nimeurudishia tu kama nyumbani. Unga, chumvi, masufuria mawili, vyote vilinishukia. Tulisimama kando ya barabara nikawa napangusa unga kwenye nywele, Bibi anacheka hadi anashika ubavu. Siku ile niliwapikia ndizi na maharage. Ndizi zenyewe ninazipata kwenye duka la Waganda mjini, zimechoka na safari, lakini ukizitia karanga zinakubali. Piter alikula sahani mbili na kusema ni viazi vizuri. Nikamwacha hivyo hivyo.

Siku ya pili tukaingia kwenye nchi yao. Barabara ni ya lami, lakini pembeni yanapita magari meusi ya kukokotwa na farasi, na ndani wamekaa wanaume wenye kofia nyeusi na ndevu, hawana haraka na mtu. Mwambie Deusi, anayengoja mwaka wa tatu sasa nguzo ya umeme ivuke barabara ifike kwake, kwamba hawa nguzo zinapita mbele ya nyumba zao na wamezikataa kwa hiari. Wanatumia taa za mafuta. Nguo zinafuliwa kwa mkono na kuanikwa kwenye kamba ndefu, suruali upande wa suruali, magauni upande wa magauni. Niliangalia zile kamba nikakumbuka Jumatatu za utotoni, mimi na wewe kisimani. Sikutaka kulia mbele ya Piter, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Kila nyumba pale ina duka lake dogo, na kibao kimeandikwa kwa mkono kwamba Jumapili hawauzi. Tulianza kwa mwoka mikate. Mikate yao ni mizito, ukila kipande kimoja unafika jioni. Tukaulizia fundi wa blanketi, tukaelekezwa kwa mzee anayeshona hatamu na matandiko ya farasi. Duka lake lilinuka ngozi na nta, na yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, uzi kati ya meno, anatoboa ngozi kwa msumari wenye mpini wa mti. Alitusikiliza hadi mwisho bila kusimamisha mkono. Marehemu baba, Tata wetu, alikuwa na tabia ileile, unamweleza jambo zito na yeye anaendelea kumenya ndizi, halafu baadaye unakuta amesikia kila neno. Mzee akasema twende nyumba ya tatu, kwa mwanamke anayeitwa Eliza.

Sasa sikiliza aibu yangu. Tulifungua mlango, na aliyekuja kutupokea ni mwanamke wa makamo, gauni la bluu iliyoiva linafika kwenye vifundo vya miguu, aproni nyeusi, na kichwani kitambaa cheupe kimefungwa chini ya kidevu. Hana hereni, hana pete, uso hauna hata mafuta. Nyuma yake wako watatu wamevaa vivyo hivyo, wameinamia kazi, kimya. Mama, wewe ungefanya nini? Magoti yangu yalifika sakafuni kabla akili haijafika. Nikainamisha kichwa, na mdomo ukasema wenyewe kwa Kiswahili, "Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

Hakuna aliyejibu milele amina. Yule mama alidhani nimezimia. Alinidaka makwapani, akaniinua kama gunia, akaagiza maji. Bibi Doroti naye akaanza kupapasa mkoba kutafuta dawa zake anipe mimi. Ilibidi ninywe maji ya watu ndipo nieleze kwamba mimi ni mzima, ila kwetu Kagera mwanamke akivaa hivi ni mtawa, na mtawa au mtu mzima tunamsalimu kwa magoti. Na kwa ujinga wangu nikaongeza swali, nikamuuliza ni wa shirika gani. Wale watatu wakaficha nyuso kwenye mikono. Eliza hakucheka. Alikwenda kwenye mlango wa nyuma, akaita, na watoto wakaanza kuingia mmoja mmoja, kila mmoja anamzidi mwenzake kichwa. Wakafika sita. Akasema wawili wako shambani na baba yao, na mmoja yuko mjini. Hapo ndipo akacheka, na mimi nikacheka, na Piter ikabidi atoke nje.

Kwao blanketi linatandazwa kwenye fremu ya mbao kubwa kuliko kitanda, linavutwa pande zote, na wanawake wanakaa kulizunguka, kila mmoja na upande wake. Walilifunga blanketi la Bibi kwenye ile fremu, na Eliza akasema kama nina mikono kuna nafasi. Nikakaa. Bibi akapewa kiti chenye mto karibu yetu. Nilikuwa sijashika sindano kwa utulivu namna ile tangu niliposhona vitambaa vya altare, na vidole havikuwa vimesahau. Baada ya muda Eliza akaja kuangalia upande wangu. Akapitisha kidole gumba juu ya mshono, akauliza nani alinifundisha mishono midogo hivi. Nikasema masista. Ndipo akauliza, bila ubaya wowote, kama na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mama, barua yenyewe inaanzia hapa. Vuta pumzi, kaa vizuri.

Wewe unajua, mimi najua, na Deusi anajua, kwamba nilitoka kwa masista miezi miwili kabla ya nadhiri za kwanza, baada ya miaka minne. Wengine wote hapo Nshamba wanajua kwamba shirika lilinituma ng'ambo kusoma. Sikulaumu. Ulisema mara moja tu, ulipoulizwa nje ya kanisa baada ya Misa, wakati mimi nimejificha kwa shangazi kule Kahororo nikihangaikia pasi ya kusafiria. Watu wakaliendeleza wenyewe. Wanakuita Mama Sista. Harusini unawekewa kiti cha mbele, kwenye Jumuiya wewe ndiye unayeanzisha rozari. Na mimi nimekusaidia kulishikilia. Ukiwapa simu wanaokuja kunisalimu, nawajibu kwa sauti ya kitawa. Ma Paulina, mwenyekiti wenu, aliniomba nimwombee mjukuu wake mgonjwa, nikasema Sista atamwombea. Nilimwombea kweli, lakini nilijisikia vibaya wiki nzima. Hata wewe, tukiwa peke yetu kwenye simu, unaniita Sista wangu. Miaka sita.

Basi nimeulizwa swali lile na mwanamke nisiyemjua, mbele ya Bibi Doroti ambaye naye hakuwa anajua. Ningeweza kupinda maneno, nimezoea. Lakini nikasema, "Nilikaa nao miaka minne. Niliondoka mwenyewe, hakuna aliyenifukuza." Nilikuwa sijawahi kulisema kwa sauti kwa mtu yeyote asiye wa nyumbani, isipokuwa mmoja nitakayekutajia mbele. Nilingoja. Wale wanawake waliendelea kushona. Mmoja akaomba mkasi.

Eliza alirudi kukaa, akatunga uzi, ndipo akauliza, "Mama yako alisemaje?"

Nikamwambia kwamba hujasema. Nikamweleza na yale ya masomo, na kiti cha mbele, na rozari. Hakushangaa. Akanisimulia kwamba mtoto wake wa pili alikataa kubatizwa katika kanisa lao, akaondoka, sasa anaendesha lori mjini. Kwa mwaka mzima yeye aliwaambia majirani kwamba kijana yuko kwa mjomba wake mbali, anasaidia kujenga. Kila alipoulizwa aliongeza chumba kimoja kwenye ile nyumba ya mjomba. Mpaka siku moja kijana mwenyewe akaingia uani na gari lake, mchana, watu wamejaa dukani. Alisema aliona aibu kwa wiki mbili, na baada ya hapo akaanza kulala usingizi. Siku hizi kijana anakuja kula nao, gari analiacha barabarani kwa heshima ya baba yake. Nilimsikiliza nikashindwa kuamini. Mwanamke hana umeme, hana simu, hajawahi kuiona Bukoba, na uongo wake ni huu huu wetu.

Blanketi lilimalizika mchana ule. Tulipoagana Eliza alinipa mkate kwa ajili ya njiani. Kwenye gari Bibi Doroti alilitandaza blanketi lake mapajani. Alisema tu kwamba sasa ameelewa kwa nini natandika vitanda kama mtu anayekaguliwa.

Mama, hujawahi kuniuliza kwa nini niliondoka. Umeogopa jibu, nadhani. Watu wangesema mimba, wangesema nilifukuzwa. Hapakuwa na mimba wala mwanaume. Siku moja mlezi wetu aliniuliza nimevaa lile vazi kwa ajili ya nani, na jibu lililonitoka ni Mama. Sikusema Mungu. Ni kweli hivyo. Tangu nikiwa mdogo niliona uso wako masista wakija kututembelea, unavyotandika nyasi mpya sakafuni, unavyowaangalia hadi wanapotokomea kwenye migomba. Nilitaka uniangalie hivyo. Nilipoingia utawani ukaniangalia hivyo, na nikakaa miaka minne nikiishi kwa ule uso wako. Lakini saa za sala nilikuwa nakaa tu. Wenzangu walikuwa na Mungu, mimi nilikuwa na wewe. Nilikupenda mno, hilo ndilo kosa langu, na nililifanya tena nilipokuacha uwaambie watu vile.

Sasa habari yenyewe. Yupo mwanaume. Anaitwa Projestus, ni wa Kitendaguro, huku ni fundi wa malori. Anaimba besi kwenye kwaya, anaimba vibaya lakini hakosi mazoezi. Tumejuana miaka miwili. Anajua kila kitu, hata hilo la Mama Sista, na kila nikikupigia huwa ananiuliza kama leo nimekuambia. Anataka wazee wake waje hapo nyumbani mwezi wa kumi na mbili kujitambulisha kwa baba mdogo na kwako. Nimemwambia angoje. Nimemwambia wazee hawakanyagi uani kwa mama yangu kwa siri, wala mama yangu hatashtukizwa na wageni mbele ya majirani. Wewe si Eliza, na mimi sitakuingilia uani na gari.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ya pili imekunjwa. Hiyo ni ya Jumuiya, kupitia kwa Ma Paulina. Inasema kwamba niliacha utawa kwa hiari yangu, kwa amani na masista, na kwamba nawaomba radhi kwa kuitikia jina lisilo langu miaka yote hii. Nilitaka kuandika kwamba mimi ndiye niliyekudanganya wewe, ili ubaki safi. Niliandika hivyo mara mbili na kuchana. Ungekuwa uongo mwingine, na huu mmoja tu umetuchosha. Kwa hiyo nimeandika kwamba mama yangu alinificha kwa sababu alinihurumia. Isome kwanza. Ukiona huwezi kuipeleka, itie jikoni iivishie maharage, sitakuuliza. Lakini basi wazee wa Projestus hawatakuja, na mimi nitakaa huku hivi nilivyo, maana siwezi kuolewa huku wewe unaniombea nadhiri. Na ukiipeleka, kiti cha mbele huenda kikaondoka, nakiri. Najua kinakutia moyo. Najua baada ya Tata kufa ndicho kilichokuinua kitandani. Ninakuomba jambo kubwa, na ninakuomba kwa magoti, safari hii kwa mtu ninayemjua.

Nisalimie Deusi, mdogo wangu anayebeba mzigo wa nyumba, umwambie asikate ile mibuni ya nyuma kabla sijaiona. Msalimie mkewe, na Grolia, mtoto wetu wa simu, aongeze bidii kwenye hesabu. Shangazi Skolastika wa Kahororo, aliyenipa kitanda na hakuniuliza kitu, mwambie namkumbuka kila siku. Baba mdogo Laurenti, msalimie sana, lakini habari ya wageni usimpe mpaka uwe umeamua, maana tunamfahamu, kesho yake atakuwa ameshaandaa pombe ya rubisi. Ma Paulina salamu zake zimo kwenye karatasi yake.

Usiharakishe kunijibu. Maliza kwanza kuvuna kahawa, nenda zahanati, ukae na karatasi hizi mpaka uzizoee. Jina la Mama Sista ulipewa na watu, na ni jina kubwa, wana haki ya kulichukua wakitaka. Lakini kabla yao ulikuwa Mama Kokugonza. Hilo nilikupa mimi, siku niliyozaliwa, na sijawahi kulidai, wala hakuna Jumuiya inayoweza kukuvua.

Mimi mtoto wako wa kwanza,

Leokadia Kokugonza